Grini kadi kwa ndoa ukiwa kwa viza ya masomo: shajara ya faili moja, Columbus, Ohio

Faili hili ni la mke aliye raia wa Marekani kwa kuapishwa, na mume Mkenya, mzaliwa wa Mombasa, aliyeingia Agosti 2022 kwa viza ya F-1. Ndoa ilifungwa Columbus Machi 2025. Maandishi yanaongezwa kila hatua inapokwisha, na makosa yamepewa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo yaliyokula muda. Kujaza fomu zenyewe kulichukua wikendi mbili. Kurekebisha tulichoharibu kulichukua miezi.

17 Mei 2025: Faili la aina gani

Mke au mume wa raia yuko kwenye kundi la ndugu wa karibu kabisa. Hana foleni ya namba za viza, na akiwa aliingia kwa kupita mbele ya afisa wa mpakani, kupitisha muda wa kukaa au kufanya kazi bila kibali hakumzuii kuombea hapa hapa. Hayo hayamhusu mwenza wa mtu mwenye grini kadi ambaye bado si raia: huyo anasubiri zamu, na lazima hadhi yake iwe hai muda wote. Pia asinakili shajara hii aliyeingia bila kukaguliwa, baharia aliyeshuka kwa viza ya wafanyakazi wa meli, aliyekuja na K-1 (viza ya mchumba) akaoa mtu mwingine, wala mwenye J-1 (viza ya mabadilishano) inayomlazimu kurudi kwao miaka miwili. Mtu aliyewahi kukamatwa, kufukuzwa nchini au kujiandikisha kupiga kura huku si raia atafute wakili kabla ya kugusa fomu yoyote.

Ushahidi wa kuingia ni I-94, inayochapishwa bure kwenye tovuti ya forodha na mipaka. Kwa mwanafunzi, sehemu ya tarehe ya mwisho ina herufi D/S, yaani muda wote hadhi yake ya masomo ikiwa hai. Kuna pia suala la nia. Mwongozo wa Wizara ya Mambo ya Nje unamtilia shaka anayeoa na kuhamia ndani ya siku 90 tangu aingie. USCIS, idara ya uraia na uhamiaji inayoamua maombi haya, haifungwi na hesabu hiyo, ila afisa ana ruhusa ya kuuliza. Hapa kuna zaidi ya miaka miwili na nusu kati ya kuingia na kuoana, kwa hiyo tulipita.

Ada tulizopanga: I-130 (ombi la raia kwa ajili ya mwenza wake) dola 675 kwa karatasi au 625 mtandaoni, I-485 (ombi la grini kadi lenyewe) dola 1,440, I-765 ya kibali cha kazi 260, na I-131 ya kibali cha kusafiri 630. Tulifikiria kuiacha I-131 ili kuokoa pesa. Tukaiweka, kwa sababu mwenye F-1 akitoka nje bila kibali hicho I-485 yake inahesabiwa imetupwa, na msiba wa nyumbani haupigi hodi. Mwenye viza ya kazi ya H-1B au L-1 iliyo hai ana nafuu hapo, mwanafunzi hana.

1 Juni 2025: Vyeti, na talaka isiyo na karatasi

Cheti cha kuzaliwa kiliombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na kikapatikana, lakini kilikuwa na mambo mawili. Kwanza, kuzaliwa kuliandikishwa miaka mingi baadaye. Cheti cha namna hiyo ni halali ila kinaalika maswali, kwa hiyo tulikiongezea kadi ya kliniki ya utotoni, cheti cha kumaliza shule ya msingi, na viapo vya watu wawili wanaojua uzazi huo na ambao si mwombaji wala mwenza wake. Kila kiapo kinaeleza anayeapa ni nani, alizaliwa lini na wapi, na amejuaje. "Namjua tangu utotoni" haitoshi. "Nilikuwa nyumbani kwao wiki aliyozaliwa" ndiyo inayotakiwa.

Pili, tahajia. Jina moja lilikuwa na "Mohamed" kwenye cheti na "Mohammed" kwenye pasipoti. Usihangaike kubadilisha cheti. Kwenye fomu kuna sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia. Andika kila tahajia hapo, hata ile ya cheti cha KCSE.

Shida kubwa ilikuwa ndoa ya zamani. Mume alifunga nikah Mombasa 2016 na akatoa talaka 2019. Kilichokuwepo ni barua ya shekhe wa msikiti: karatasi ya daftari iliyopigwa muhuri wa duara wa zambarau, na mwandiko wa kupendeza. Kwa jamaa wote mambo yalikuwa yamekwisha. Kwa I-130 hayajakwisha mpaka ionekane kisheria, kwa sheria ya pale talaka ilipotolewa, kwamba ndoa ya kwanza ilikuwa imevunjika *siku* ya kufunga ya pili. Kama haikuwa imevunjika, ndoa ya Columbus yenyewe ni batili na faili zima linaanguka.

Kwa hiyo mambo yalirudishwa kwa kadhi. Kaka mkubwa ndiye aliyefuatilia, na mtalaka alikubali kufika na kusema lile lile. Kosa la kuepuka hapa ni kuridhika na cheti chenye tarehe moja. Cha kwanza kilichoandaliwa kilikuwa na tarehe ya kutolewa tu, 2025, miezi miwili baada ya ndoa mpya! Kilirudishwa kikaandikwa tarehe mbili: siku talaka ilipopita, 2019, na siku cheti kilipotolewa. Wiki sita, na KSh 9,500 pamoja na nauli.

Tulitafsiri wenyewe sehemu za Kiswahili. Karatasi yoyote isiyo ya Kiingereza inahitaji tafsiri kamili, pamoja na tamko la mfasiri kwamba anazimudu lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni kamili na sahihi. Anatia sahihi, jina, anwani na tarehe. Hakuna haja ya mfasiri wa mahakama wala ya wakili wa kugonga muhuri. Ila wenye faili wasijitafsirie: shemeji alitafsiri, bure.

Cheti cha ndoa ya sasa kilikuwa rahisi. Ohio leseni ya ndoa hutolewa na mahakama ya mirathi ya kaunti, na nakala rasmi hutoka pale pale. Nikah ya msikitini bila leseni hiyo ni ibada njema, lakini haina nafasi kwenye I-130.

22 Juni 2025: Udhamini, I-864

Mdhamini lazima aonyeshe kipato cha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Kwa 2025, familia ya watu wawili ni dola 26,437. Mke anaendesha gari la abiria na kuhudumia wazee majumbani, analipwa kwa 1099, yaani kama mtu aliyejiajiri. Mwaka 2024 mikononi mwake zilipita zaidi ya 41,000, na tulidhani tumemaliza.

Fomu haiulizi kilichopita mikononi. Inauliza jumla ya kipato kwenye marejesho ya kodi, mstari wa 9 wa fomu 1040, na hapo baada ya kuondoa gharama za gari palikuwa na 23,900. Makato yaliyomfurahisha mhasibu mwezi wa nne ndiyo yaliyotuangusha mwezi wa sita. Pungufu: 2,537.

Pengo hilo huzibwa kwa mali. Mwenza wa raia anatakiwa kuonyesha mali ya mara tatu ya pungufu, yaani 7,611, iwe ya kugeuzwa pesa ndani ya mwaka. Akiba ilikuwa elfu tano na kitu. Kipato cha mume cha maktaba ya chuo kingeweza kuingia kama kitaendelea kutoka mwajiri yule yule baada ya grini kadi, lakini kazi ya mwanafunzi huisha na masomo, tukaiacha.

Ikabaki mdhamini mwenza. Mjomba wa mke, raia, kazi ya W-2 (ya kuajiriwa kwa mshahara), kipato 45,800, mke na watoto wawili. Kabla ya sahihi alielezwa wazi anachotia: wajibu huu hauishi kwa talaka. Unaisha mwombaji akiwa raia, akifikisha robo mwaka 40 za kazi (kama miaka kumi), akihama kabisa au akifa. Mjomba akauliza mara mbili kuhusu talaka, akanyamaza, akatia sahihi. Msimwonee aibu mtu kumweleza hili. Ni afadhali akatae mezani.

Mke naye bado anajaza I-864 yake hata kama kipato hakitoshi. Wengi huiacha wakidhani ya mdhamini mwenza inatosha. Kwa ushahidi wa kodi, tumieni nakala ya kumbukumbu inayopakuliwa bure kwenye akaunti ya IRS (mamlaka ya kodi) badala ya kurasa za programu ya kodi: ni fupi, na haina sahihi ya kusahaulika.

(Kwenye I-864 ya mjomba kuna kosa. Hatukuliona. Tazama Novemba.)

11 Julai 2025: Daktari, I-693

Tangu 2 Desemba 2024, I-693 lazima iende pamoja na I-485, la sivyo I-485 inaweza kurudishwa. Daktari ni yule aliyeidhinishwa na USCIS tu. Bei kila mmoja anajipangia: tulipigia watatu, tukaambiwa 250, 380 na 520. Ya 250 ilikuwa bila vipimo vya damu. Tulichukua ya 380, yenye vipimo.

Kwa waliochanjwa BCG utotoni, yaani karibu sisi sote: kipimo cha kifua kikuu sasa ni cha damu, na BCG haikichanganyi kama ilivyokuwa kile cha ngozi kinachovimba mkononi. Kikitoka chanya, hufuata picha ya kifua. Kuna pia kipimo cha kaswende kwa walio kati ya miaka 18 na 44.

Chanjo: surua, matumbwitumbwi na rubela, pepopunda, dondakoo na kifaduro, tetekuwanga, homa ya ini B. Kadi ya kliniki ya Kenya ilikubalika kwa sehemu. Si lazima kumaliza dozi zote za mfululizo. Dozi inayofaa siku hiyo inatosha, na daktari anatia alama kwamba muda wa inayofuata haujafika. Ya mafua hudaiwa kati ya 1 Oktoba na 31 Machi tu, kwa hiyo Julai tuliiepuka. Ya Uviko iliondolewa Januari 2025. Kwenye kliniki ya kaunti chanjo zilizobaki zilikuwa dola 145, chini sana ya bei ya daktari.

Kosa lilikuwa la kliniki, ila lingekuwa letu kama tungenyamaza. Kabla bahasha haijafungwa tuliomba nakala yetu, jambo ambalo ni haki ya mwombaji. Kwenye jedwali la chanjo, mstari wa tetekuwanga ulikuwa mtupu: hakuna tarehe, hakuna alama ya kinga, hakuna sababu ya kuruka. Matokeo ya kinga yalikuwepo kwenye kompyuta yao, hayakunakiliwa tu. Ilirekebishwa kwa dakika kumi. Ingegunduliwa na afisa, ingekuwa barua ya kudai ushahidi na miezi miwili. Bahasha ikishafungwa, usiifungue hata kwa kuichungulia.

Tangu 11 Juni 2025 fomu hii ina uhai wa ombi inaloambatana nalo tu. Ombi likikataliwa au kuondolewa, kipimo kinaanza upya.

27 Julai 2025: Maswali ya ndiyo na hapana

Sehemu ndefu ya I-485 ni maswali ya historia, na watu huyapitia wakiweka "hapana" kama wanaopiga mhuri. Matatu yanawagusa watu wetu.

Mafunzo ya kijeshi au ya silaha. Aliyepitia JKT Tanzania ajibu ndiyo, na aliyepitia NYS Kenya ayasome maswali hayo neno kwa neno kabla ya kuweka hapana. Ambatanisha karatasi: wapi, lini, muda gani, mlifunzwa nini. Jibu la ndiyo lenye maelezo halidhuru. Hapana inayogunduliwa baadaye ni uongo kwenye fomu ya serikali.

Kazi bila kibali. Kwa mwenza wa raia inasamehewa. Kuificha haisameheki kirahisi.

Kudai uraia wa Marekani. Hapa ndipo mambo hufia. Mtu aliyejaza I-9 ya mwajiri (fomu ya kuthibitisha ruhusa ya kufanya kazi) na kutia alama kwamba ni raia, hata kwa kuharakisha, anaweza kufungiwa maisha, na ndoa haimwokoi. Kumbuka kila fomu uliyowahi kujaza. Kama kuna shaka, simama hapo na umwone wakili.

Swali la uanachama linataka kila kikundi. Chama cha wanafunzi, SACCO, chama cha mazishi: tuliandika vyote. Afisa hajali, na nafasi ipo.

3 Agosti 2025: Ushahidi wa ndoa, na kutuma

Tulichoweka: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, bima ya gari, bili ya umeme, miezi mitano ya taarifa za akaunti ya pamoja, mke kumwandikisha mume kama mrithi wa bima ya kazini, na picha 14 zenye tarehe na majina nyuma. Akaunti ya pamoja isiyotumika haina maana. Inayotakiwa ni ile inayoonyesha kodi ya nyumba, unga na mafuta ya gari. Albamu ya picha mia mbili za arusi inaonyesha arusi, si ndoa.

Kilichosaidia kuliko tulivyotarajia ni taarifa ya M-Pesa ya mama mkwe, inayoonyesha pesa za mke zikiingia kila mwezi. Iko kwa Kiingereza tayari. Jumbe za simu zilikuwa Kiswahili, na kila ukurasa ungehitaji tafsiri kamili, kwa hiyo tulichagua kurasa nne tu. Walioweka kurasa sitini wajiandae kutafsiri hata vikatuni vya kucheka.

Karatasi za upande mmoja, bila stapla, bila jalada. Fomu G-1145 juu, ili taarifa ya kupokelewa ije kwa ujumbe wa simu. Nakala za vyeti, si vyenyewe. Chenyewe ni bahasha ya daktari peke yake. Picha za pasipoti inchi 2 kwa 2, jina limeandikwa nyuma kwa penseli. Anwani inategemea jimbo, aina ya ombi, na kama unatuma kwa posta ya serikali au kuria; ni anwani mbili tofauti. Angalieni tarehe ya toleo chini ya *kila* ukurasa: I-485 ilitakiwa iwe ya 01/20/25, na ukurasa mmoja wa toleo la zamani uliobaki kwenye printa unatosha kurudisha kifurushi.

Malipo: hundi moja, dola 3,005.

22 Agosti 2025: Kifurushi kimerudi

Bahasha ile ile, nzito vile vile, na barua juu. Sababu: malipo yamejumlishwa. Tangu ada mpya za 1 Aprili 2024 kila fomu inalipwa peke yake, na kifurushi chenye malipo ya jumla kinaweza kurudishwa chote. Ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa wa maelekezo tuliousoma haraka. Pesa hazikuchukuliwa, lakini tarehe ya kupokelewa haikuhesabiwa pia. Kwa mtu ambaye I-20 yake (hati ya chuo inayoshikilia hadhi ya mwanafunzi) inaisha, wiki tatu hizo zingekuwa balaa.

Tulipopanga upya tukakuta kosa la pili ambalo barua haikulitaja: I-765 haikuwa na sahihi. Ingerudi tena mwezi uliofuata. Tangu hapo, mtu mmoja alisoma nambari za kurasa na mwingine akaweka kidole kwenye kila sahihi. Ni wino, si jina lililochapwa.

Tulibadili mpango. I-130 ilijazwa mtandaoni 27 Agosti, ikalipiwa kwa kadi, na risiti ikatoka dakika hiyo hiyo. Dola 50 zikaokolewa. Risiti hiyo ikawekwa mbele ya I-485, pamoja na hundi tatu: 1,440, 260 na 630. Bahasha ya daktari ilirudi haijafunguliwa, ikatumika.

Nyongeza kwa wanaonakili: tangu 28 Oktoba 2025 hundi za karatasi hazipokelewi tena. Ni fomu G-1450 kwa kadi au G-1650 kwa kukata akaunti ya benki ya Marekani, moja kwa kila fomu. Pigieni benki kwanza. Kadi ikikataa kwa sababu ya kikomo cha siku, kifurushi kinarudi.

8 Septemba 2025: Risiti

Risiti tatu. Mume amebaki na mzigo kamili wa masomo na I-20 hai, kwa makusudi. Ombi lililo mezani linampa ruhusa ya kusubiri, si hadhi, na mwongozo wa 1 Agosti 2025 unasema wazi kwamba ombi la familia halimkingi mtu na kuondolewa nchini. I-485 ikianguka, mwenye F-1 hai anarudi kwenye uanafunzi wake. Aliyeiacha ife anaweza kupewa wito wa mahakama ya uhamiaji.

6 Oktoba 2025: Alama za vidole

Dakika ishirini. Barua ya mwito na pasipoti. Serikali kuu ilikuwa imefungwa tangu tarehe 1, lakini USCIS huendeshwa kwa ada zetu, kwa hiyo miadi haikuguswa.

24 Novemba 2025: Kosa la mjomba

Tarehe 4 ilikuja barua ya kudai ushahidi kuhusu I-864 ya mdhamini mwenza. Tulihesabu nyumba yake watu wanne: yeye, mke, watoto wawili, kiwango 40,187, na 45,800 zake zikavuka. Lakini mwombaji naye anahesabiwa kwenye nyumba ya *kila* mdhamini anayetia sahihi, hata kama anaishi kwingine. Ni watu watano, kiwango 47,062. Alipungukiwa dola 1,262.

Hatukutafuta mdhamini mwingine. Shangazi anaishi nyumba ile ile na ana mshahara, kwa hiyo kipato chake kiliunganishwa kwa I-864A (mkataba wa mtu wa nyumba moja na mdhamini), yenye sahihi yake na ya mjomba, pamoja na W-2 zake. I-864 ikajazwa upya ikiwa na watu watano.

Jibu linatumwa mara moja tu. Ukituma nusu, inachukuliwa kwamba umesema amueni kwa kilichopo. Barua yao yenyewe, ile halisi, inakaa juu kabisa. Kikomo huandikwa kwenye barua na hakiongezwi.

Kibali cha kazi kilitoka 18 Novemba, aina C09 (ya wanaosubiri I-485), miaka mitano. Kwa maombi yaliyokuwa hayajaamuliwa au yaliyotumwa kuanzia 5 Desemba 2025, muda wa juu ni miezi 18. Na kwa maombi ya kuongeza muda yaliyotumwa tangu 30 Oktoba 2025, ule muda wa ziada uliokuwa ukijiongeza wenyewe wakati wa kusubiri umefutwa. Ombeni kipya siku 180 kabla. Mume hajakitumia: kazi ya kwanza kwa kibali hicho ingemtoa kwenye F-1.

5 Januari 2026: Kwa Watanzania na Warundi

Haiwahusu wenye faili hili, ila wanaonakili wengi wanatoka huko. Tangazo la rais la 16 Desemba 2025 liliiingiza Tanzania kwenye nchi zenye vizuizi vya sehemu, na Burundi ilikuwemo tangu Juni. USCIS nayo imesimamisha uamuzi wa maombi yanayosubiri ya raia na wazaliwa wa nchi zilizo kwenye orodha. Mzaliwa wa Tanga mwenye pasipoti ya Kenya anaguswa pia. Ombi linaweza kupokelewa na pesa zikachukuliwa, kisha likakaa. Hesabuni hilo kabla ya kulipa, na hadhi iliyopo isiachwe.

11 Februari 2026: Mahojiano na uamuzi

Mahojiano yalikuwa tarehe 9, wote wawili, karibu nusu saa. Vyeti halisi vyote, na ushahidi mpya wa tangu Septemba. Afisa alitumia muda mwingi kwenye maswali ya ndiyo na hapana, na kwenye cheti cha kadhi: aliweka kidole kwenye tarehe ya 2019, kisha kwenye tarehe ya ndoa ya Columbus, akaandika. Kuhusu mapenzi aliuliza maswali matatu.

Gharama: ada 2,955, daktari 380, chanjo 145, picha 64, kuria mara mbili 86, kutuma jibu 31, nakala na wino 40. Jumla dola 3,701, na zile KSh 9,500 za Mombasa.

Limekubaliwa leo. Ndoa haijafika miaka miwili, kwa hiyo kadi ni ya masharti, CR6, inaisha 11 Februari 2028. I-751 ya kuondoa masharti, dola 750 kwa ada za sasa, hupokelewa ndani ya siku 90 za mwisho tu, na ikitumwa mapema inarudishwa. Dirisha linafunguka 13 Novemba 2027. Bili, taarifa za benki na mikataba inaendelea kuwekwa kwenye faili lile lile tangu leo.